Usitupe boksi la waya na CD za kompyuta ya zamani kabla hujasoma huu uzi (watu wa Tanga hasa)

FundiNgamiani (mleta uzi)

Wakuu salaam, shikamooni wakubwa zangu wote mliomo humu. Mimi ni fundi kompyuta nipo Ngamiani, Tanga mjini, kazi hii nimeishika tangu enzi za monita za chogo (zile nene zenye bomba la kioo nyuma) na mausi za gololi kwahiyo ninachoandika hapa nimekigusa kwa mikono. Kuna jambo linaniuma naona bora nilitoe. Watu wanatupa ovyo. Ofisi ikipakwa rangi, mzee akistaafu, familia ikihama Chumbageni kwenda Kange, cha kwanza kutolewa nje ni lile boksi la waya na CD, anapewa kijana wa skrepa kwa bei ya soda au linaishia jalalani, halafu baada ya miezi mtu huyohuyo yuko mlangoni kwangu ananiuliza fundi huna CD ya printa fulani, huna waya wa hivi, kuna barua za marehemu baba zipo kwenye flopi (zile diski ndogo bapa za plastiki). Sasa mimi nazitoa wapi jamani.

Nieleweke, sisemi nyumba igeuke stoo. Humo kwenye maboksi kuna vitu havina kazi tena kabisa na mbele nitavitaja. Ninachoomba ni kimoja, kabla hujatupa shika kila kitu mkononi ujiulize hiki kinafungua nini? Kama kuna mashine nzima ambayo bila hiki haifanyi kazi, au kuna faili ambalo bila hiki halisomeki, basi kiweke. Kama hakifungui chochote kwako wala kwa mwenzio kitoe bila huruma.

Na tusisahau kwanini sisi huku tulishika CD kuliko wenzetu. Kabla ya ule mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM kufika Dar mwaka 2009 intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti au ya kupiga kwa laini ya simu ya mezani, kilobiti 56 kwa sekunde na hapo ni siku nzuri. CD moja inabeba megabaiti 650 mpaka 700. Kushusha mzigo wa CD moja kwa spidi hiyo ni zaidi ya masaa 27 mfululizo, laini isikatike, umeme usikatike, na dakika za simu zinahesabiwa. Ndo mana CD ilitembea kutoka ofisi hadi ofisi, mtu anaazima CD ya Office anasaini kwenye daftari. Kwa hiyo boksi lako la CD ndo ilikuwa intaneti yako, tena iliyolipiwa.

Naomba michango, wenye ubishi pia karibuni. Nawasilisha.

KijanaWaKange

Mkuu nakuheshimu ila mimi napingana na wewe. Saivi kila kitu kipo mtandaoni, draiva (ile programu ya kuifanya kompyuta itambue kifaa) ya kitu chochote unaandika jina inakuja, Windows yenyewe unaishusha kwenye simu unaweka kwenye flashi unapiga windo nusu saa. Laptopu za siku hizi hata tundu la CD hazina. Kukaa na CD za 2003 ni kujaza mende ndani tu. Mama yangu ana kabati zima la huo mzigo wa marehemu mjomba na hakuna aliyewahi kuligusa.

FundiNgamiani

Karibu mdogo wangu, hoja yako ina uzito sehemu moja. Kwa mashine mpya uko sahihi kabisa, CD ya draiva inayokuja na mausi ya USB hiyo hata mimi natupa siku ileile. USB imetoka 1996 na saivi mausi na kibodi vinajitambua vyenyewe.

Ila hilo la "kila kitu kipo mtandaoni" silikubali. Kampuni ikitoa printa inaweka draiva kwenye tovuti yake kwa miaka, baadae inaziondoa, na ikinunuliwa na kampuni nyingine ukurasa wote unapotea. Ukitafuta unaangukia kwenye vile vitovuti vya "shusha draiva bure" ambavyo vinakupa programu ya kutangaza biashara au virusi, na hizo mashine nazisafisha mimi kila wiki. Pili, draiva ya Windows ya biti 32 haikai kwenye Windows ya biti 64, na programu za zamani kabisa za biti 16 kwenye Windows ya biti 64 hazifunguki moja kwa moja. Kwahiyo mwenye mashine ya kupima, ya kukata vinyl, ya kutarizi kanzu na madera, skana kubwa ya ramani, huyo mara nyingi amefungwa na Windows yake ya zamani na CD yake ya zamani, na mashine yenyewe bado inamlisha.

Nikupe mfano mmoja uone flopi nayo ilivyokuwa na kazi yake. Ukipiga Windows XP kwenye mashine yenye diski kuu ya SATA iliyowekwa AHCI (njia mpya ya diski kuongea na kompyuta), inafika mahali inasema haioni diski. Dawa yake ni kubonyeza F6 mwanzoni uipe draiva, na XP inataka draiva hiyo kutoka kwenye flopi, haitaki flashi haitaki CD nyingine. Asiye na flopi arudi kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) abadilishe AHCI iwe IDE, ile njia ya zamani, kama BIOS yake inaruhusu. Tena zile CD za XP za mwanzo kabisa za 2001 ambazo hazina service pack (mkusanyo wa marekebisho, SP kwa kifupi) hazioni diski zaidi ya gigabaiti 137. Mtu ana diski ya 500 anaambiwa ina 137 anadhani imekufa, wakati shida ni CD tu, akipata CD yenye SP2 au SP3 inakaa yote.

Hilo kabati la mjomba usiliruke, nitakuuliza baadae lina nini.

Dada_Steshenari

Fundi umenigusa. Mimi nina steshenari jirani na bandari, wateja wangu wakubwa ni mawakala wa forodha na wenye malori. Hapo dukani nina Epson LX-300 ile ya utepe inayopiga kelele, na watu wananicheka kila siku "dada hii ya makumbusho". Lakini wao wanataka hati ya nakala tatu kwa mpigo, karatasi ya kaboni, na hizi printa za wino au za leza haziwezi kwasababu hazigongi karatasi. Inayogonga ndo inatoa nakala ya chini. Hiyo printa imenisomeshea watoto.

Sasa inatumia ule waya mnene wa pini 25 upande mmoja na upande wa pili lile domo kubwa lenye klipu mbili. Sipiyu yangu yenye tundu hilo inazeeka. Kuna kijana kaniambia kuna waya wa USB wa kugeuza, niununue au ni utapeli?

FundiNgamiani

Dada yangu nunua, sio utapeli, ila ujue mipaka yake. Ule waya wa kugeuza unajitambulisha kwa kompyuta kama printa tu. Kwa kuchapa tu maandishi kwenye Epson utafanya kazi vizuri. Lakini ukichomeka hapo skana ya zamani ya pini 25, au kile kifunguo cha programu, haitoki kitu. Watu wengi wanatapeliwa hapo, wanauziwa kama "poti ya parallel" (lile tundu la pini 25) kamili na sio kamili.

Na huo waya mnene ulionao usiutupe hata ukinunua wa USB, zinapatikana kwa shida saivi na nyingi za mpya ni nyembamba. Na utepe ukiisha rangi tafuta wa kubadilisha mapema, nunua zaidi ya mmoja, weka kwenye mfuko wake umefungwa mana upepo wa baharini unaukausha.

MzeeWaMkonge

Hamjambo wanangu. Nimekuwa mhasibu kwenye mashamba ya mkonge huku kwetu mpaka nilipostaafu. Niwakumbushe kitu ambacho vijana hamkijui, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na sisi hesabu tukafanya kwa vitabu na mashine za kuzungusha kwa mkono. Kwahiyo zilipokuja kuruhusiwa na ofisi ikapata ya kwanza, ile kompyuta ilifunikwa kwa kitambaa kila jioni. Mtu aliyeishi hivyo kutupa waya kwake ni vigumu, msituone wabahili.

Sasa fundi umetaja kifunguo cha programu, naomba ukielezee zaidi mana kilitutesa. Programu yetu ya mishahara ilikuwa na kidude kama kizibo, kinachomekwa nyuma ya sipiyu kwenye tundu la printa, halafu waya wa printa unachomekwa juu yake. Hakina maandishi hakina taa. Walipobadilisha mashine mtu mmoja wa ofisini akakiona hakina maana akakitoa na takataka. Programu ikagoma kufunguka siku hiyohiyo. Miaka ya mishahara ya vibarua imebaki humo ndani na wazee wenzangu waliokuwa wanafuatilia mafao yao wakawa wanazungushwa, rekodi ipo lakini haifunguki.

FundiNgamiani

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana kwa huo ushuhuda, huo peke yake ungetosha uzi mzima.

Wakuu someni hapo tena. Kidude kile ndani yake kuna chipu, programu ikifunguka inakiuliza upo? kikijibu inaendelea, kisipojibu inafunga. Walikitengeneza hivyo kuzuia watu kunakili programu. Kwahiyo unaweza ukawa na CD halisi, una kompyuta nzima, una namba zote, lakini bila kile kizibo huna kitu. Baadae vikaja vya USB vinafanana na flashi kabisa ila ukichomeka havionyeshi faili lolote, na hapo ndo watu wanasema "flashi imekufa" wanatupa. Kila nikiingia ofisi ya zamani kitu cha kwanza natazama nyuma ya sipiyu kabla sijagusa waya wowote. Ukikikuta kifunge utepe wa karatasi andika jina la programu yake na mwaka, usitegemee kumbukumbu, wewe ukihama au ukistaafu anayekuja hajui.

Mzee, kama hiyo diski ya mishahara bado ipo mahali msiiache iuzwe. Data yenyewe mara nyingi sio lazima ifunguliwe na programu ileile, nyingi za zama hizo zilikuwa zinaandika kwenye mafaili ya dBase (programu ya zamani ya kutunza kumbukumbu), yale yanaishia na dbf, na hayo LibreOffice, programu ya ofisi ya siku hizi, inayafungua bure hata leo bila kifunguo chochote. Sikuahidi kwamba ni hivyo kwa yenu, ila inabidi iangaliwe kabla ya kukata tamaa.

MzeeWaMkonge

Marahaba mwanangu. Hilo la dbf sikuwahi kuambiwa na mtu. Diski nadhani ipo stoo, ntauliza.

Binti_wa_Muheza

Mimi swali langu ni la kutunza. Nina CD nyingi za picha za harusi na za mitihani ya wanafunzi wangu, zipo kwenye ile pochi yenye mifuko ya plastiki. Nimefungua juzi nyingine zinang'ang'ania plastiki na moja imetoka magamba upande wa juu, ukiinua kwenye mwanga unaona vitundu. Zimekwisha? Na mbona nilizitunza vizuri tu wala hazina mikwaruzo chini?

FundiNgamiani

Pole sana mwalimu. Hapa naomba nikae kidogo mana ndo penye maumivu kwa sisi tunaoishi pwani.

Watu wengi wanalinda upande wa chini wa CD, ule unaong'aa, wakati ubovu unaanzia juu. CD ina unene wa milimita 1.2, karibu wote huo ni plastiki ngumu iliyopo upande wa chini. Data ipo juu kabisa, kuna tabaka jembamba sana la alumini, juu yake vanishi, juu ya vanishi ndo yale maandishi na picha. Kwahiyo mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa ukatoka na CD ikasoma, lakini ukikwaruza juu, ukiandika kwa peni ya kawaida ya ncha ngumu, ukibandika stika halafu ukaibandua, umeondoka na data yenyewe. Ndo hayo magamba. Unapoona mwanga unapita kwenye kitundu, hapo alumini haipo na kilichokuwa hapo hakirudi. DVD imejengwa tofauti, tabaka lake lipo katikati ya plastiki mbili, ndo mana DVD za zamani mara nyingi zinavumilia kuliko CD.

Sasa ongeza hewa ya Tanga. Unyevu wa masika, chumvi ya baharini, joto la chumba chenye bati. Hewa ikipenya pembeni ambapo vanishi haikuziba vizuri alumini inaliwa pole pole. Na zile za kuchoma wenyewe, CD-R, zina rangi maalum ambayo ndo leza iliichoma kuandika, na rangi ile jua linaiharibu, ukiiacha dirishani au kwenye dashibodi ya gari ni suala la muda tu. Picha zako za harusi nina hakika ni CD-R.

Fanya hivi. Zile zilizonata usizivute kwa nguvu, kata mfuko wa plastiki uitoe taratibu. Osha kwa maji safi na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, futa kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda nje, moja kwa moja kama miale, usizungushe kwa duara kwasababu data imeandikwa kwa kuzunguka na mkwaruzo unaofuata njia yake unaua sehemu ndefu kwa pamoja. Ikauke. Halafu zinakiliwe leo, sio mwezi ujao. Na usinakili faili moja moja, tengeneza ISO, yaani picha kamili ya CD nzima ikiwa faili moja. ImgBurn inafanya hiyo kazi na ni ya bure, na kuanzia Windows 8 ukibofya ISO mara mbili inafunguka kama CD halisi bila programu yoyote. Kama tundu lako la CD likigoma jaribu kwenye mashine nyingine, matundu hayalingani macho, nimeshaona CD imekataliwa na laptopu ikasomwa na sipiyu ya zamani yenye tundu zito bila shida.

Zile zinazobaki ziweke kwenye makasha yake magumu, zisimame wima, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na utupie vile vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Ndoo ikae chumba cha ndani, isikae chini ya bati. Na CD yoyote ya programu piga picha kasha lake na ile stika ya namba, XP ina herufi na namba 25 kwa mafungu matano, karatasi ikiliwa na mende CD nzima haina kazi.

MwanaSahare

Aisee huu uzi umenifanya niende kufukua. Nimekuta CD mbili nataka kujua kama zina maana. Moja ni Ubuntu (ule mfumo wa kompyuta wa bure, aina ya Linux, unaokaa badala ya Windows) ile ya kava la karatasi yenye picha ya watu, nakumbuka tulikuwa tunaagiza mtandaoni inakuja kwa posta bure kabisa hata stempu hulipi, nilikuwa nasoma wakati ule. Nyingine imeandikwa kwa mkono "Jambo OpenOffice". Hii alinipa mwalimu wa kompyuta. Nitupe?

FundiNgamiani

USITUPE. Mkuu tafadhali sana.

Ya kwanza, Ubuntu walikuwa na huduma ya kutuma CD bure dunia nzima, ilianza 2005 ikafungwa 2011. Kwa sisi wakati ule ilikuwa neema, vijana wengi ambao leo ni wahandisi wa mitandao Linux waliiona mara ya kwanza kwenye ile bahasha. Ubuntu ya zamani yenyewe bado inapatikana kwenye hazina zao, kwahiyo hiyo weka kwa heshima tu, hata ikipotea haijapotea.

Lakini ya pili sikia. Jambo OpenOffice ni programu ya ofisi kwa Kiswahili, ilitoka 2004, kazi ya mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden. Menyu zote Kiswahili, Faili, Hariri, mtu ambaye hakusoma Kiingereza anakaa anaandika barua yake. Watu walikaa wakatafuta istilahi moja baada ya nyingine. Hiyo ni historia ya lugha yetu kwenye kompyuta, na programu za namna hii hakuna kampuni tajiri nyuma yake ya kuzihifadhi, zinabaki kwenye droo kama yako. Ukiuliza makampuni ya nje watakuwa na kila toleo la Windows, lakini za kwetu nani anazo?

Na ni programu huria, kunakili na kugawa ni halali kabisa. Tengeneza ISO, peleka nakala kwenye Internet Archive, wale wanahifadhi programu za zamani za dunia nzima na kupandisha ni bure, ukiandika maelezo kwa Kiswahili watu waipate. Ukikwama nitakusaidia. Ila usipandishe CD za Windows au programu za kulipia, hizo tunza nakala yako mwenyewe tu, sheria ni nyingine.

MwanaSahare

Daah sikujua. Nimeitoa kwenye droo nimeiweka kwenye kasha la CD ya kaswida. Nitakutafuta inboksi.

KijanaWaKange

Ok fundi hapo kwenye Kiswahili umenipata nakubali. Kabati la mjomba nimelifungua baada ya kusoma. Kuna waya za monita zenye pini 15 za bluu, kuna modemu ya simu, kuna kibodi na mausi zile za tundu la duara zambarau na kijani, waya bapa za kijivu, spika mbili, waya za umeme nyingi, na monita mbili za chogo. Nini kibaki?

FundiNgamiani

Safi sana mdogo wangu, kazi nzuri.

Waya za pini 15 ni VGA, ipo tangu 1987 na bado projekta za kumbi na za mashule mengi zinaitumia, bakisha mbili nzuri nyingine gawa. Waya za umeme za sipiyu bakisha zote, ni zilezile mpaka leo kwa sipiyu, monita na printa nyingi, na za zamani nyingi zina shaba ya kutosha kuliko hizi nyembamba zinazopata moto. Kibodi ya tundu la duara bakisha moja, kuna siku mashine inagoma kutambua USB kabla Windows haijawaka na hiyo ndo itakuingiza kwenye BIOS. Modemu ya simu haina kazi, toa. Spika jaribu, zikiwaka mpe mtu wa madrasa au wa duka.

Zile bapa za kijivu subiri kwanza. Hizo ni za diski za IDE, pini 40. Zenyewe sio za thamani ila zinakuambia kuna diski ya IDE mahali, tafuta sipiyu ya mjomba ilienda wapi. Diski ikiwepo inasomwa kwa kigeuzi cha IDE kwenda USB na mara nyingi picha na nyaraka bado zipo. Sipiyu isitoke nyumbani diski haijaangaliwa, na ukishanakili ndo uifute kabisa, mana kuna watu wanauza sipiyu kwenye skrepa zenye hati za viwanja na taarifa za benki ndani.

Chogo sasa. Hizo toa lakini sio kwa kuvunja. Kioo chake kina risasi ndani yake, kilo kadhaa kwa monita kubwa, na bomba lenyewe halina hewa ndani kwahiyo likipasuka linapasuka kwa nguvu. Nasema hili kwasababu nimeona watoto wanavunja shingo ya chogo wapate ule mkanda wa shaba, na waya zinachomwa plastiki iungue wabaki na shaba, ule moshi mweusi una sumu mbaya inayokaa mwilini. Shaba ya elfu mbili unaipata na kifua cha mtoto kinalipa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki na asilimia 22.3 tu ndo zilikusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Na sisi tuna kanuni za taka hizi tangu 2021, ulizia ofisi ya NEMC, baraza la mazingira, wakutajie mkusanyaji mwenye kibali. Mpaka umpate weka kavu, uso wa kioo ukielekea ukutani.

Dada_Steshenari

Halafu tusiseme flopi zimekufa dunia nzima. Niliona habari Japan wamefuta sheria za kulazimisha watu kupeleka nyaraka serikalini kwa flopi 2024 tu, juzijuzi.

FundiNgamiani

Kweli dada, Juni 2024. Na ndege za Boeing 747-400 zimekuwa zikipewa data za njia zake kwa flopi, kila siku 28. Sony waliacha kuziuza 2011, kwahiyo wote wanakula akiba. Ndo mana nasema msomaji wa flopi wa USB (kile kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta) ukimpata kwa bei nzuri nunua, mtaa mzima utakuja kwako.

Binti_wa_Muheza

Fundi samahani narudi tena. CD nimeanza kunakili, picha za harusi zimetoka karibu zote alhamdulillah. Ila ulipotaja flopi nimekumbuka baba yangu alikuwa mwalimu mkuu, aliacha mkoba wenye flopi, ndani kuna maandishi yake ya historia ya ukoo wetu, alikuwa anahoji wazee kule milimani na anaandika usiku. Hakuna nakala ya karatasi. Nimezitazama, ukisogeza kile kibati naona kama ukungu mweupe. Kaka yangu anataka kununua msomaji wa USB tuzichomeke leo.

FundiNgamiani

Mwambie kaka asichomeke, nakuomba. Huo ukungu ni kuvu. Flopi ikizunguka kwenye msomaji kuvu inajikusanya kwenye kichwa cha kusomea, kichwa kinaanza kukwangua, na kinaharibu hiyo flopi na kila itakayofuata. Nafasi ya kwanza ndo nafasi bora, tusiipoteze.

Kwa kila flopi, sukuma kile kitufe cha pembeni ili kitundu kiwe wazi, hapo haiwezi kuandikwa wala kufutwa kwa bahati mbaya. Hilo lifanye nyumbani. Mengine niachie mimi. Nitafungua ganda la plastiki, nitatoa ule utando wa ndani, nitausafisha kwa alkoholi safi ya isopropili na pamba, taratibu pande zote mbili, ukikauka nautia kwenye ganda la flopi nyingine safi, ndo tunasoma. Kwa flopi yenyewe kwanza tunachukua picha nzima kama ile ISO ya CD, megabaiti 1.44, hata sekta mbovu zikiwepo tunarudiarudia mpaka zitoe zinachoweza, kisha tunafanyia kazi nakala na flopi inapumzika. Kama mzee aliandika kwa WordPerfect au Microsoft Works wala usiogope, LibreOffice inafungua zote mbili.

Siwezi kukuahidi zote. Kuvu ikikaa juu tu inatoka, ikiwa imekula ile rangi ya kahawia sehemu hiyo imeondoka. Ila flopi nyingi za namna hii zimetoka na maandishi yake, na walimu wa zamani walikuwa na tabia ya kuhifadhi kazi moja kwenye flopi mbili au tatu, kwahiyo leta zote hata zile unazoona zimerudiwa.

Binti_wa_Muheza

Ahsante sana kaka, umenipa moyo. Jumamosi nashuka stendi ya Kange.

FundiNgamiani

Karibu. Zishike mkononi ndani ya basi, usiziweke juu ya spika ya redio wala karibu nayo, ina sumaku. Usizianike juani kwa kudhani unyevu utatoka. Usibandue lebo hata kama zimechakaa, na kama baba aliacha daftari lolote lenye orodha ya flopi au majina ya wazee aliowahoji njoo nalo, litatusaidia kujua faili lipi ni la nani tukianza kuyafungua.